Mfumo mgeni
Mfumo mgeni ni mfumo wa uendeshaji unaofanya kazi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu kama VirtualBox au VMware. Kompyuta halisi inayoubeba huitwa mwenyeji.

Mfumo mgeni ukikataa kuwaka, chanzo huweza kuwa kwa mwenyeji. Mfumo wa biti 64 ndani ya VirtualBox huhitaji msaada wa prosesa, uitwao VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Msaada huo ukiwa umezimwa katika BIOS, kusakinisha mfumo upya hakusaidii kitu. Ni lazima uwashwe kwanza.

Uzito wa mfumo mara nyingi hutokana na kugawiwa RAM ndogo. Hata hivyo, ukigawiwa kupita kiasi, mwenyeji naye hukwama.

Kabla ya kujaribu marekebisho, hali ya mashine pepe huweza kuhifadhiwa ili kuirudia mambo yakiharibika. Hali hiyo si nakala rudufu: hutegemea faili la diski la awali, na faili hilo likifutwa, kazi zote zilizomo hupotea. Nakala kamili hutunzwa kwenye diski nyingine.