Nusu ya Nguvu: Kurejea Kazini Baada ya Maradhi Mazito katika Mpaka wa Busia na Tororo

Sheria za kazi za Uganda na Kenya zimekuwa, kwa sehemu kubwa, zikimtazama mfanyakazi anayeugua kwa macho mawili tu: ama ni mzima anayestahili mshahara, ama ni mtu aliyeishiwa nguvu anayestahili kulipwa haki zake na kuondoka. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kazini, kisha, mwezi wa pili ukimalizika bila yeye kupona, inamruhusu mwajiri kuuvunja mkataba. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12, ingawa nusu hiyo hulipwa aliyelala kitandani, si aliyerudi kufanya nusu ya kazi. Mifuko ya taifa ya hifadhi ya jamii (NSSF), iliyoanzishwa Kenya mwaka 1965 na kupewa umbo lake la sasa Uganda mwaka 1985, ilimkabidhi mwanachama aliyelemaa akiba yake, na mambo yakaishia hapo. Ni sheria za fidia kwa walioumia au kuugua kutokana na kazi yenyewe ndizo zilizokiri kwamba kuna mtu wa katikati, aliyepungukiwa nguvu kwa muda na kwa kiasi fulani tu.

Katika Busitema, upande wa Uganda, na vijiji vinavyotazamana na lango la mpakani la Busia na lile la Malaba, hata huruma hiyo ndogo ya kisheria haikuwafikia watu wengi, kwa sababu mkulima wa muhogo na wimbi, mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Tiira, mwendesha bodaboda na mama muuza samaki hawana mwajiri wa kuombwa likizo. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi watu wa mpaka huu walivyorejea kazini baada ya maradhi mazito, huku wakipokea msaada, hana budi kuyaacha majalada ya wizara na kutazama mahali pawili ambapo swali hilo lilijibiwa kwa vitendo, yaani lango la forodha na kliniki.

Tuanze na lango. Mpaka wenyewe ni wa kikoloni. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na baadaye Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa pande zote mbili. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na bidhaa zikaadimika, magendo, yaani biashara ya kukwepa ushuru na udhibiti wa serikali, ikawa riziki ya kawaida ya mpakani, na katika biashara hiyo walijitokeza watu ambao miguu yao ilikuwa imepoozwa na polio utotoni. Baiskeli zao za magurudumu matatu, ambazo huendeshwa kwa kuzungusha pedali kwa mikono, zilikuwa na nafasi ya kubebea mzigo, na maofisa wa forodha walizoea kuwapitisha bila kuwatoza, au kwa kuwatoza kidogo, wakihesabu kwamba huo ndio msaada ambao serikali ilishindwa kuutoa kwa njia nyingine. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, walioieleza biashara hiyo ya Busia katika maandishi yao ya mwaka 2007, walionyesha jinsi kifaa cha kutembelea kilivyogeuka kuwa mtaji.

Ni kweli kwamba hawa hawakuwa wakirudi kazini, kwani wengi waliugua kabla ya kuijua kazi yoyote. Hata hivyo mfano wao una uzito, kwa kuwa msamaha wa ushuru ulikuwa msaada wa aina ya pekee: haukumtaka mpokeaji athibitishe kwamba hawezi kazi, bali ulipatikana katika kufanya kazi kwenyewe, na aliyebaki nyumbani hakuupata. Udhaifu wake ni kwamba haukuwa haki bali hisani, na thamani yake ilitegemea ukubwa wa ushuru wenyewe. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, na ushuru wa bidhaa za Kenya zinazoingia Uganda ukapunguzwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2010, faida ya kusamehewa ilipungua pamoja nao.

Mahali pa pili ni Tororo, ambako TASO, shirika la kuwahudumia watu wenye UKIMWI lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, lilikuwa na mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Kwa zaidi ya muongo mmoja kituo kilitoa ushauri, tiba ya maradhi nyemelezi na faraja, na swali la kurudi kazini halikuwa na nafasi kubwa, kwa sababu mgonjwa aliyeinuka leo alitarajiwa kuanguka tena kesho. Hali ilibadilika mwaka 2003 ulipoanza mradi wa matibabu ya nyumbani ulioendeshwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) pamoja na TASO, ambao uliwapa watu wapatao 1,000 wa Tororo na jirani zake dawa za kupunguza makali ya VVU, zijulikanazo kwa kifupi kama ARV. Waliostahili ni wale ambao chembe zao za kinga aina ya CD4 zilikuwa zimeshuka hadi 250 au chini ya hapo, au waliokwisha kuonyesha dalili nzito. Wahudumu walipanda pikipiki na kuwapelekea dawa majumbani kila juma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba dawa hizo, pamoja na kotrimoksazoli, ambayo wagonjwa huiita Septrin, zilipunguza vifo kwa takriban asilimia 95 zikilinganishwa na kipindi kisichokuwa na tiba.

Utaratibu wa pikipiki ulihusu kazi kuliko unavyoonekana. Mtu ambaye nguvu zake zinamtosha siku tatu kwa juma hawezi kuitoa moja kwa safari ya kliniki na foleni bila kuipoteza theluthi ya riziki yake, na utafiti uliofanywa Jinja na kutolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba matibabu ya nyumbani yalifanya kazi sawa na ya kituoni huku yakimgharimu mgonjwa takriban nusu katika mwaka wa kwanza.

Upande wa Kenya, ambako kliniki za AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa ya Eldoret na washirika wao wa Indiana, zilienea hadi Busia, Amukura na Port Victoria, kurejea kazini kulipimwa kwa takwimu. Uchunguzi wa kliniki ya mpango huo ya Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, uliochapishwa mwaka 2008, ulibaini kwamba ndani ya miezi 6 ya kuanza dawa uwezekano wa mgonjwa kushiriki katika kazi uliongezeka kwa asilimia 20, na saa za kazi kwa juma kwa asilimia 35. Katika mashamba ya chai ya Kericho, ambako kila kikapu hupimwa na kuandikwa, iligundulika kwamba wachumaji walioambukizwa, kabla ya dawa kupatikana, walihamishiwa kazi nyepesi kwa siku nyingi zaidi kuliko wenzao. Huenda hilo ndilo jambo lililokaribia zaidi kazi ya nusu muda katika ajira ya eneo hili, na lilitoka kwa wasimamizi wa shamba, si kwa bunge.

Pamoja na dawa kulikuwa na chakula. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipitisha mgao wa unga, maharage na mafuta kwa mashirika kama TASO, na AMPATH iliongeza mboga na mayai ya mashamba yake yenyewe, ambavyo mtaalamu wa lishe aliviandika kama daktari aandikavyo dawa, kwa kaya nzima na kwa muda maalumu. Hapo ndipo sura mbili za zamani, mgonjwa na mzima, zilipojirudia, kwani mgao ulikusudiwa kukoma mwili ukishapata nguvu, ilhali nguvu hurudi kabla ya mavuno. Mahindi yanahitaji miezi kama minne, na muhogo unaweza kukaa ardhini mwaka mzima. Aliyeshika jembe kwa sababu ameanza kupona alijiondolea sifa ya kusaidiwa akiwa bado hana cha kuchimba, na ni vigumu kumlaumu aliyechelea kupona upesi mno machoni pa mizani.

Misaada ya serikali iliyofuata haikuliziba pengo hilo. Kuanzia mwaka wa fedha 2009/10 Uganda ilitoa ruzuku maalumu kwa vikundi vya watu wenye ulemavu vilivyo na mradi wa kuzalisha mali, na mtu mmoja asiye na kikundi hakulengwa. Kenya ilianza mwaka 2011 kuwalipa watu wenye ulemavu mkubwa, kwa kiwango kilichotulia kwenye shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kwa sharti kwamba wawe wanahitaji mtu wa kuwahudumia muda wote. Hivyo katika mji mmoja uliogawanywa na lango, upande wa magharibi fedha zilimfuata anayeweza kuzalisha pamoja na wenzake, na upande wa mashariki zilimfuata asiyeweza kazi kabisa, huku anayefanya kazi siku tatu kwa juma na kumeza dawa zake siku zote saba akiwa hamo katika orodha ya upande wowote.