Meno ya Running Rein (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mwaka 1780, Lord Derby na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu, kama wanavyosimulia watu wa Epsom, ili kuamua mashindano mapya ya farasi yaitwe kwa jina la nani. Jina akalipata Derby. Ushindi wa kwanza, Mei 4, akaupata Bunbury kupitia farasi wake, Diomed. Sasa miaka 64 imepita. Ni Mei 22, 1844, katika uwanja uleule wa Epsom, kusini mwa London. Farasi aitwaye Running Rein anasogezwa kwenda kujipanga na wenzake, na yupo mtu mmoja anayeamini kwamba huyo si Running Rein.

SASA ENDELEA...

Mtu huyo alikuwa Lord George Bentinck, mbunge na mtoto wa Duke wa Portland. Yeye mwenyewe alikuwa mkamaria wa madau makubwa, lakini wizi katika mbio za farasi ulimkera kuliko hasara. Siku chache kabla, yeye na wenzake walikuwa wamepeleka malalamiko kwa wasimamizi wa mashindano, wakidai farasi huyo amezidi umri. Wasimamizi walikataa kumzuia. Akimbie kwanza, walisema. Akishinda, ndipo tutakapochunguza.

Hapo inabidi nikueleze, msomaji, kwa nini umri ulikuwa jambo zito kiasi hicho. Derby ni ya farasi wa miaka mitatu tu. Farasi hupata nafasi moja maishani mwake: akikosa mwaka huu, mwakani ameshapitwa. Utaratibu huo unafuatwa Epsom mpaka leo, na umefika hata Ngong jijini Nairobi, ambako Kenya Derby nayo ni ya farasi wa miaka mitatu. Sasa chukua farasi wa miaka minne, mfupa umekomaa, kifua kimejaa, umchanganye na hao wadogo. Anayefuatilia soka la vijana wa chini ya miaka 17 anajua jinsi mchezo unavyoharibika pale anapoingia mchezaji mwenye ndevu na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake.

Minong'ono ilikuwa imeanza mapema. Oktoba 1843, Running Rein alishinda mbio za farasi wa miaka miwili huko Newmarket, na waliomwona walishangaa: mwili ule si wa miaka miwili. Duke wa Rutland, ambaye farasi wake alishika nafasi ya pili, aliweka pingamizi. Akaletwa kijana wa zizini, akaapa kwamba anamtambua farasi huyo tangu alipozaliwa. Pingamizi likafa, na mwenye farasi akaondoka na fedha zake.

Na huyo mwenye farasi alikuwa nani hasa? Kwenye karatasi za Derby liliandikwa jina la Alexander Wood, mfanyabiashara wa nafaka wa hapohapo Epsom. Lakini nyuma ya Wood alikuwapo Abraham Levi Goodman, mkamaria ambaye Bentinck alimjua vizuri. Wood alikuwa na jina safi. Goodman ndiye aliyekuwa na mpango.

Mbio zikaanza. Njia ya Epsom ni maili moja na nusu, imepinda kama kiatu cha farasi. Farasi hupanda kilima mwanzoni, kisha huteremka kwa kasi hadi kwenye kona kali ya Tattenham, ndipo waingie njia iliyonyooka ya kumalizia. Mtoto wa farasi ambaye miguu yake haijaiva huyumba kwenye mteremko ule. Running Rein hakuyumba. Akiwa katikati ya kundi aligongana na Leander, farasi wa Wajerumani wawili ndugu, na Leander akavunjika mguu. Waliobaki wakaendelea. Running Rein akapita mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, na nyuma yake akafuata Orlando, farasi wa Kanali Jonathan Peel, ndugu yake Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Sir Robert Peel.

Kanali Peel hakusita. Akaweka pingamizi, na fedha za ushindi zikazuiwa.

Leander hakuweza kuokolewa, akauawa. Madaktari wa mifugo walipokagua taya lake waligundua kwamba naye pia alikuwa amezidi umri. Yaani katika Derby moja walikimbia farasi wawili wa uongo, na mmoja akamuumiza mwenzake! Nikiifikiria siku ile, namhurumia zaidi mnyama huyo, aliyelipa kwa uhai wake deni la hila asizozijua.

Baada ya hapo Bentinck akageuka mpelelezi. Alianza kufuata nyayo za Goodman zizi kwa zizi, akiuliza nani aliuza, nani alinunua, lini farasi alihamishwa na nani alimwongoza njiani. Taratibu picha ikajitokeza. Goodman alikuwa amenunua farasi wawili wanaofanana: mmoja aliyezaliwa 1841, Running Rein wa kweli, na mwingine aliyezaliwa 1840, jina lake Maccabeus. Mkubwa alipewa jina la mdogo. Tena Bentinck akazunguka maduka ya London mpaka akafika mtaa wa Regent, akapata duka ambako Goodman alikuwa amenunua dawa ya kupaka nywele rangi. Haikuwa ya kichwa chake.

Wood, akisisitiza kwamba farasi wake ni halali, alimshtaki Kanali Peel. Kesi ikafika Mahakama ya Exchequer Julai 1, 1844, mbele ya Jaji Alderson. Wakili wa Wood, Alexander Cockburn, alikuwa na ulimi mkali. Hakuishia kumtetea mteja wake, alimrukia Bentinck, akimwonyesha kama mtu aliyejifanya mpelelezi, mwendesha mashtaka na mwamuzi kwa pamoja. Mashahidi wakafuata, mmoja akiapa hivi na mwingine akiapa vile. Mchana ukasonga na ukweli ukawa bado umejificha katikati ya viapo.

Lakini Jaji Alderson alikuwa na wazo jepesi kuliko hotuba zote za siku ile. Farasi hubeba umri wake kinywani. Meno mawili ya mbele katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Jozi inayofuata hubadilika akikaribia mitatu na nusu. Kwa hiyo katika majira yale, farasi wa miaka mitatu angekuwa na jozi moja tu ya meno ya kudumu, na wa miaka minne angekuwa na mbili. Cheti hakihitajiki, wala shahidi. Rangi ya dukani haifiki kwenye fizi. Kinachotakiwa ni mtu wa kumshika farasi hatamu na mwingine wa kumfunua midomo.

Jaji akaagiza farasi aletwe akaguliwe. Shauri likaahirishwa mpaka kesho yake.

Asubuhi ya Julai 2 mahakama iliketi tena. Fedha za Derby zilikuwa bado zimezuiwa, na madau ya watu wengi yalitegemea kinywa cha mnyama mmoja. Jaji akarudi kwenye swali lake: farasi yuko wapi?

Cockburn, aliyezungumza kwa kujiamini jana yake, akasimama. Safari hii hakuwa na shambulio. Alikuwa na taarifa kutoka zizini...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO