Kutoka Santuri Hadi Simu

Bibi yangu alihamia Maskati kutoka Unguja katika miaka iliyofuata 1970, Sultani Qaboos wa Omani alipokwisha kushika ufalme. Sandukuni, katikati ya kanga zake, alikuwa na santuri mbili za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Siti alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Kila upande wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, basi. Bibi alizishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika sahani ya mgeni.

Kisha zikaja kanda. Nyumbani kwetu Ruwi, hapo hapo Maskati, tulinakili mpaka utepe ukachoka na sauti ikaanza kuyumba. Tulikuwa tukiukaza kwa kalamu.

Leo taarabu ninayoinunua naipakua kwenye simu. Nyimbo za kwanza nilizolipia zilikuwa na kufuli: nilipobadilisha simu, hazikufunguka tena, na duka lenyewe lilikuwa limekwisha fungwa. Jambo hilo liliniuma, maana pesa nilitoa. Apple walitangaza kuondoa kufuli hizo kwenye nyimbo zao mwaka 2009, na kwangu hiyo ni haki iliyochelewa. Santuri ya bibi haikumwuliza mtu ruhusa.

Ndugu msomaji, wimbo ulioununua uupakue hasa, uhifadhi nakala nje ya simu, na uandike jina la mwimbaji. Wajukuu watauliza ni nani anayeimba.