Bunduki inabaki, risasi inaisha: historia ya kujikinga kwa silaha Kasongo na Kabambare

KASONGO – Kila mara vita inapotulia kidogo na familia zilizokimbia zinaanza kufikiria kurudi kijijini, swali moja linarudi pamoja nazo: tukifika kule, tutajikinga na nini? Wako wanaosema heri kutafuta bunduki, au hata bastola moja ya kuficha nyumbani. Katika nchi nyingine mtu anayetaka kulinda nyumba yake kwa bastola anaingia dukani, anapanga risasi za namna mbalimbali mbele yake na kuchagua. Huku Maniema ya kusini maneno yanaanzia kwenye bunduki na kuishia hapo hapo.

Lakini ukifuata historia ya Kasongo na Kabambare kwa miaka 150, utaona kwamba bunduki haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa risasi. Bunduki ikitunzwa, mjukuu anairithi. Risasi inafanya kazi mara moja tu. Aliyeijaza tena bunduki ndiye aliyekuwa na amri juu ya mwenye kuishika.

Baruti ya Pwani

Bunduki za kwanza zilikuja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Pwani. Njia ilitoka Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kila kipipa cha baruti kilisafiri kichwani au begani mwa mpagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, na safari ilichukua miezi.

Wazee wa Kiswahili walizipa bunduki hizo majina kufuatana na namna zilivyowaka. Ya gumegume iliwashwa kwa jiwe la kutoa cheche. Ya fataki iliwashwa kwa kikofia kidogo cha shaba kilichopigwa na nyundo ya bunduki. Zote mbili zilijazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kipande cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi, na kushindilia kwa mti. Hata neno risasi ni jina la metali, ile laini na nzito inayoyeyuka upesi kwenye moto. Ilipokosekana, mafundi wa chuma walitia vipande vya chuma au shaba. Chuma kilipatikana kwetu. Baruti nzuri na fataki vilitoka mbali, na hapo ndipo kamba ilipofungwa.

Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alikuwa amefanya Kasongo kuwa kituo chake kikubwa karibu mwaka wa 1875. Hakutawala kwa wingi wa watu wa Pwani, maana walikuwa wachache. Alitawala kwa kuwapa machifu na vijana wa bara bunduki na baruti, kisha kusubiri pembe. Chifu aliyekuwa na bunduki 100 bila baruti alikuwa na fimbo 100.

Asiyekuwa nazo aliona matokeo yake. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya umati uliojaa wanawake waliokuja kuuza. Wengi walipigwa, wengine walizama Lualaba walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Waliokufa walikuwa mamia. David Livingstone, aliyekuwa amekaa miezi mingi mgonjwa upande wa Kabambare kabla ya kufika Nyangwe, aliona kwa macho yake na kuandika.

Mkutano wa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Hati ya Brussels kuhusu biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilikatazwa kuingia, isipokuwa kwa serikali na kwa watu wachache wenye ruhusa. Waafrika waliachiwa gumegume na baruti ya kawaida ya biashara, nayo ipite katika bohari za serikali. Hati ilisema inapinga utumwa. Pamoja na hayo, iliamua kwa karatasi nani atakuwa na risasi ya namna gani.

Vita vilipozuka mwaka wa 1892 kati ya Serikali Huru ya Kongo ya mfalme Léopold II na watu wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, matokeo ya uamuzi huo yalionekana. Jeshi la Francis Dhanis lilikuwa na bunduki za Albini, zilizojazwa kwa nyuma, risasi na baruti vikiwa pamoja katika ganda moja la shaba. Askari wa Albini alipiga mara kadhaa kabla mtu wa fataki hajamaliza kushindilia, na mvua haikulowesha baruti yake. Watu wa Sefu walikuwa wengi na walikuwa hodari, lakini sehemu kubwa ya bunduki zao zilikuwa za kujaza kwa mdomo, na huko mashariki Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishika njia ya Pwani. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili. Kabambare ilichukuliwa Januari 1894, Rumaliza wa Ujiji aliposhindwa.

Tusisahau Ngongo Lutete. Alikuwa mtu wa Tippu Tip, akahamia upande wa Serikali mwaka wa 1892 na kuisaidia sana kushinda. Mwaka uliofuata, Septemba 1893, maafisa wa Serikali hiyo hiyo walimpiga risasi kule Ngandu. Kubadili bohari ya risasi hakukumpa usalama.

Risasi zilizohesabiwa

Serikali ya Léopold iliogopa risasi zake zenyewe. Katika misitu ya mpira upande wa Equateur na Ziwa Léopold II, askari walidaiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi kwa uwindaji, na ushahidi ulikuwa mkono uliokatwa wa mtu. Habari hizo zilifika Ulaya na kusaidia kuvunja utawala wa Léopold mwaka wa 1908. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: askari walioasi safari ya Dhanis mwaka wa 1897 waligeuza bunduki za serikali dhidi ya serikali, na Novemba 1898 waliingia Kabambare kabla ya kushindwa.

Dawa ya maji

Asiyekuwa na risasi alitafuta njia nyingine: kuzima risasi ya mwenzake. Kule Tanganyika ya Wajerumani, mwaka wa 1905 hadi 1907, watu wa kusini walipigana vita vya Maji Maji wakiamini maji yaliyobarikiwa yatageuza risasi kuwa maji. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa.

Mwaka wa 1964 Wasimba walipita Kasongo, na Kindu iliingia mikononi mwao mwezi wa Julai. Wengi wao walikuwa na mikuki na pinde, na kilio chao kilikuwa "Mai Mulele". Dawa ilikuwa na masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usitazame nyuma. Mara nyingi ilifanya kazi kwa sababu askari wa serikali nao waliiamini, wakakimbia na kuacha silaha. Mwezi wa Novemba walikuja mamluki wasioiamini, na Kindu ikarudi mikononi mwa serikali. Jina la Mai-Mai tunalosikia leo linatoka kwenye maji hayo.

Che Guevara, aliyefika upande wa Fizi mwaka wa 1965, aliandika kwamba wapiganaji wengi walifunga macho na kufyatua mpaka magazini ikawa tupu. Kalashnikov inashika risasi 30. Ukishika kifyatulio bila kuachia, zinaisha kwa muda wa sekunde 3. Baada ya hapo kijiji kina chuma mkononi na adui mbele.

Risasi zinalipwa na nani?

Ndiyo maana vikundi vingi vilivyoanza kwa neno "kujikinga" havikubaki hapo. Risasi lazima zitoke mahali. Hutoka kwa askari anayeziuza, kwa jeshi la nchi jirani, au kwa kushambulia kambi. Zote zina bei, na bei hiyo hutoka kwenye barieri barabarani, kwenye gunia la mpunga, na kwenye machimbo ya dhahabu. Watu wa Salamabila wanaijua hesabu hii. Mapigano ya Mai-Mai Malaika na FARDC kandokando ya mgodi wa Namoya, hasa baada ya 2017, yalifukuza familia nyingi, na kati yao walikuwamo waliochangia mwanzoni wakiamini wanachangia ulinzi.

Na bastola?

Bastola huku imekuwa silaha ya afisa. Risasi yake iliyoenea zaidi, ya milimita 9, ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1902, na bastola ya Browning iliyotoka kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, mwaka wa 1935 ilifika mikononi mwa maafisa wa Kongo.

Ulaya na Marekani wanabishana kuhusu ncha ya risasi. Yenye ganda gumu hupita mwilini na kuendelea. Yenye tundu kwenye ncha hupanuka na mara nyingi hubaki ndani, hivyo polisi wa nchi nyingi huichagua ili isimfikie mtu aliye nyuma. Majeshi yalikatazwa risasi za kupanuka na Tamko la Hague la tarehe 29 Julai 1899, kwa sababu ya majeraha yake. Kwa hiyo risasi zilizojaa katika vita vyetu ni za ganda gumu. Ya Kalashnikov inaweza kuua mbali kupita kilomita moja, na ukuta wa miti na udongo hauizuii. Anayepiga kulinda nyumba yake anapiga pia kuelekea nyumba ya jirani, ambamo watoto wamelala chini.

Tena raia hana duka la kuchagua. Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza raia kushika silaha na risasi bila ruhusa ya serikali. Aliye nayo kwa siri anaonwa na askari kama Mai-Mai, na Mai-Mai wanamwona kama mtu wa kunyang'anywa. Vikundi vingi vilipata bunduki zao kwa njia hiyo.

Kilichookoa watu wengi zaidi, 1871, 1893, 1964 na leo, ni habari kufika mapema: ngoma, mtu aliyekimbia mbele, sasa simu na redio. Familia zilizoko Kasongo leo ziko hai kwa sababu zilisikia na kuondoka. Si aibu.

Wanaorudi wakumbuke pia kwamba risasi zilizoachwa shambani bado zinaweza kuwaka. Msizipige kwa jiwe, msizitupe motoni, msiwaachie watoto kuzichezea. Mwonyesheni chifu mahali zilipo bila kuzigusa. Na kijana anayefikiria kuuza mbuzi anunue bunduki aulizwe kwanza na wazazi wake: risasi zilizomo zikiisha, zinazofuata atampigia nani magoti?