Zana kwanza, kampuni baadaye: walivyoanza Basecamp na Ushahidi

Leo tuguse historia kidogo. Vijana wa huku kwetu Ngoliba, Thika na Ruiru, wale waliosomea kompyuta pale Juja na wale waliojifundisha wenyewe, huniuliza swali moja: kampuni ya programu za mtandaoni huanzaje? Wengi hutarajia nianze na mtaji. Mimi huanza na mifano miwili, Basecamp ya Marekani na Ushahidi ya Kenya. Zote mbili zilizaliwa na kazi iliyokuwa imewashinda wenyewe. Tofauti ilikuja baadaye, ulipofika wakati wa kuuliza nani atalipa.

Basecamp ndiyo ya zamani, kwa hivyo tuanze nayo. Mwaka 1999, kampuni ndogo iitwayo 37signals ilianzishwa mjini Chicago. Kazi yake ilikuwa kutengenezea watu tovuti. Kama umewahi kumtengenezea mteja tovuti, unajua yanayotokea: nembo inakuja kwa barua pepe, mabadiliko yanakuja kwa simu, na wiki ya tatu hakuna anayekumbuka nani alikubali nini. Jason Fried na wenzake walitaka mahali pamoja kwenye wavuti ambapo ujumbe, orodha ya kazi na tarehe zingekaa, na mteja azione. Aliyeiandika programu hiyo ni David Heinemeier Hansson, wakati huo mwanafunzi kule Copenhagen, akiifanyia kazi saa chache tu kwa wiki.

Wateja walipoiona wakaanza kuiulizia kwa ajili ya kazi zao wenyewe. Februari 2004 ikafunguliwa kwa umma kwa malipo ya kila mwezi. Haikupita muda mrefu, malipo hayo yakawa mengi kuliko ya kutengeneza tovuti, na 37signals wakaacha kazi yao ya zamani. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, Heinemeier Hansson alichomoa ndani ya Basecamp sehemu ambazo programu yoyote ya wavuti ingezihitaji, akazitoa bure. Hiyo ndiyo Ruby on Rails, ambayo wengi wetu tumejifunzia kazi.

Sasa turudi nyumbani. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Ghasia zikazuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka watu wazima wakipigiana simu kuulizana barabara gani inapitika. Tume ya Waki ilikuja kuhesabu vifo 1,133.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa tovuti ya Mzalendo ya kufuatilia wabunge, alikuwa amekuja nyumbani kupiga kura. Watu walimtumia habari za yaliyokuwa yakitokea mitaani kwao, naye akazichapisha katika blogu yake. Zikamzidi nguvu. Tarehe 3 Januari 2008, akiwa amerudi Johannesburg, aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuziweka habari hizo juu ya ramani ya Google, ili ionekane wapi kumechomwa na wapi kumeuawa watu.

Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, aliisoma akiwa Marekani, akamtafuta David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama na aliyetengeneza jukwaa la Mashada. Kobia akakaa chini kuandika programu. Juliana Rotich na wanablogu wengine wakaingia. Kufikia tarehe 9 Januari tovuti ilikuwa hewani, chini ya wiki moja tangu Okolloh atoe ombi lake. Jina likawa Ushahidi.

Iliwezekanaje haraka hivyo? Ilifanya mambo machache tu. Ilikuwa na ramani, fomu ya kueleza tukio, mahali na tarehe, na watu wa kuzipitia taarifa kabla hazijawekwa. Baadaye kidogo ikaongezwa njia ya kutuma kwa ujumbe mfupi wa simu. Basecamp nayo ilianza hivyo hivyo. Aisifuye mvua imemnyea: waliokuwa wakizidiwa na kazi walijua hasa kipi kinahitajika, hawakupoteza siku kwa yasiyohitajika.

Hapo ndipo njia zikaachana. Basecamp ilikuwa na mtu wa kulipa tangu siku ya kwanza, yaani mwenye biashara anayetaka kazi yake isikwame. Ushahidi ingemtoza nani? Huwezi kumdai mtu pesa kwa kuripoti nyumba ya jirani inayoungua. Kwa hivyo ikawa shirika lisilo la faida. Mwaka 2008 ilishinda tuzo ya NetSquared ya dola 25,000, kisha ikapata ruzuku za wafadhili kama Humanity United na Omidyar Network. Programu ikaandikwa upya kwa PHP na kutolewa huria. Ilitumika mashariki mwa Kongo mwaka huo huo, na Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Laiti kungekuwa na malipo ya kila mwezi, sidhani ingefika huko kwa kasi ile.

Lakini ruzuku ina tarehe ya mwisho, na wale waanzilishi walilijua hilo. Machi 2010 walifungua iHub, Nairobi, na mwaka 2013 watu hao hao wakachangisha pesa kupitia Kickstarter kutengeneza BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti mahali ambapo umeme hupotea kila mara. Hata hicho kilitokana na adha yao wenyewe, ila safari hii kilikuwa na bei.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiwa unaandikia chama cha wakulima cha kijijini kwenu programu ya kuweka hesabu za mazao, jiulize mapema: anayeitumia na anayeweza kulipa ni mtu mmoja? Kama ni mmoja, mtoze kidogo kila mwezi tangu mwanzo. 37signals walihitaji wateja wenye kadi za benki; wewe una M-Pesa tangu 2007, na shilingi 200 za mkulima zinakufikia bila benki. Kama si mmoja, mtafute anayelipa kabla hujaahidi kwamba programu itakuwepo mwaka ujao, maana wakulima watakuwa wameshaacha daftari lao.