Vikaragosi ving'aavyo gizani: Taa gani yafaa Shule ya Jumapili?

GIZA ndilo chombo cha kwanza cha sanaa hii, taa hufuata. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayetaka kuwasimulia watoto kisa cha Yona kwa vikaragosi ving'aavyo sharti kwanza azibe madirisha. Mwanga kidogo ukipenya chini ya mlango, mkono wa mchezeshaji huonekana na yule samaki mkubwa hugeuka kuwa soksi tu.

Taa yenyewe hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni. Rangi maalumu huifyonza na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Ni jamii ile ile ya taa ambayo wenye maduka humulikia noti wanazoshuku kuwa bandia.

Mbinu ya kuwaficha waliovaa nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi ni kongwe; wafanya mazingaombwe wa Ulaya waliitumia katika karne ya 19. Jiří Srnec aliipa umaarufu jukwaani kupitia kundi aliloanzisha jijini Prague mnamo 1961. Baadaye makanisa, hasa ya Marekani, yakaichukua kufunzia watoto.

Vifaa si vya kutafutwa mbali. Vizibao vya rangi kali wanavyovaa wahudumu wa bodaboda hung'aa, sawa na shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, kwani sabuni nyingi za aina hiyo huwa na kemikali ya kung'arisha nguo. Kwa sababu iyo hiyo, mchezeshaji akisahau ukosi mweupe ndani ya vazi lake jeusi, watoto watauona ukosi ukitembea peke yake, na kicheko kitakachofuata hakitakuwa cha Yona.

Hatari halisi imo katika ununuzi wa taa. Zinazofaa hutoa miale ya takribani nanomita 365 hadi 400, na hata hizo huelekezwa jukwaani, kamwe si usoni mwa watazamaji. Taa za kuua viini, zilizovuma wakati wa janga la Covid-19 mnamo 2020, aghalabu hutoa miale ya karibu nanomita 254, inayounguza macho na ngozi. Aliyeumia hahisi lolote wakati wa mchezo. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, watoto wakiwa wameshafika nyumbani. Taa isiyoandikwa kipimo hicho, yenyewe au kwenye boksi lake, isinunuliwe hata ikiwa ya bei nafuu.

Watoto wadogo nao huweza kuogopa giza. Taa za ukumbi zizimwe moja baada ya nyingine, na watu wazima waketi miongoni mwao.

Lipo pia suala la ukweli. Mtoto wa miaka minne akiona mkate ukielea hewani kanisani, anaweza kusadiki kwamba ameshuhudia muujiza. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni heri mchezo ukiisha taa ziwashwe, wachezeshaji wavue vifuniko vya uso, na watoto waachwe wavishike vikaragosi kwa mikono yao wenyewe.