Duara Lililobomoka: Ishara na Mpangilio wa Nafsi kwa Jung

Kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanasaikolojia Carl Gustav Jung alikuwa ofisa wa jeshi la Uswisi huko Château-d'Œx, akisimamia kambi ya wanajeshi wa Uingereza waliozuiliwa nchini humo. Kila asubuhi alichora duara dogo katika daftari. Siku moja akapokea barua iliyomkera sana. Duara la kesho yake lilikuwa limebomoka ukingoni, ulinganifu wake umevurugika.

Naanza na daftari hilo kwa kuwa limebeba hoja ambayo wengi huipita haraka. Kwa Jung, ishara si pambo la nafsi, wala si kitendawili chenye jibu moja. Ni kazi yenyewe ya nafsi kujipanga. Katika kitabu chake cha 1921 kuhusu aina za haiba, alitenganisha ishara na alama. Gurudumu lenye mabawa kwenye sare ya mfanyakazi wa reli ni alama tu, maana linawakilisha kitu kinachojulikana tayari. Ishara hubeba jambo ambalo bado halijafahamika kikamilifu, na maana yake ikishamalizwa yote, imekufa. Ndiyo maana vitabu vya kufasiri ndoto, vinavyompa kila nyoka tafsiri yake, vinamsaliti Jung hata vinapomtaja.

Mpangilio huo wa nafsi unatoka wapi? Jung alijibu kwa arkitaipu, yaani ruwaza za asili zisizo na maudhui. Alizifananisha na mihimili ya fuwele: katika kimiminiko huioni, lakini ndiyo inayoamua fuwele itajengeka kwa umbo gani. Mfano huu unanishawishi, kwa sababu haudai kwamba tunazaliwa na picha vichwani. Tunachorithi ni mwelekeo wa kuziunda.

Udhaifu wa Jung unaonekana alipotoka nje ya daftari lake. Mwaka 1925 alifika Mlima Elgon, akazungumza na watu aliowaita Waelgonyi kwa Kiswahili cha kubabaisha, kamusi ndogo mkononi. Aliwaona alfajiri wakitemea viganja mate, kisha wakivielekeza kwenye jua linalochomoza. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba ndivyo walivyofanya siku zote. Juu ya jibu hilo fupi alijenga fasiri nzito: mate ni uhai, na tendo lile ni sala ya kumkabidhi Mungu roho. Huenda alipatia. Lakini sisi tunaokitumia Kiswahili kila siku tunajua ni mambo mangapi ya ibada hupotea yanapopitishwa kwenye lugha ambayo si ya muulizaji wala ya muulizwaji.

Kwa hiyo ushahidi wa Château-d'Œx na ule wa Elgon usiwekwe kwenye mizani moja. Katika ule wa kwanza, mchoraji na msomaji wa duara ni mtu mmoja. Ule wa pili ubaki kuwa dhana, mpaka wenye desturi waieleze kwa lugha yao.